Bi Kache Mwinga, Pua ya Chumba Namba Tatu

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Bi Kache Mwinga anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia hapa Kituo cha Afya cha Mvuleni, akiwa tabibu wa pua, koo na kifua. Hafla ya kumuaga itafanyika Ijumaa tarehe 27, baada ya swala, chini ya turubai uwanjani. Wageni wote wanaombwa wasijipulizie marashi. Ombi hilo si letu, ni la mwenyewe, na atakayesoma hadi mwisho ataelewa limetoka wapi.

Bi Kache alizaliwa Ndavaya, upande wa bara wa Kwale ambako mvua ni mgeni na mbuzi ni akiba. Nyumbani kwao nusu ya watu waliswali Ijumaa na nusu walikwenda kanisani Jumapili, na sikukuu za pande zote mbili zililiwa bila ubaguzi. Baba yake alikuwa mfugaji. Mbuzi akikataa kula, mzee yule hakumtazama macho wala kwato kwanza. Alimfungua kinywa akamnusa. Bi Kache husema elimu yake ya tiba ilianzia hapo, kwenye pumzi ya mbuzi, na kwamba chuo kilikuja baadaye kumpa majina.

Mwaka wa 1990 aliajiriwa kuwa muuguzi, akapangiwa wadi ya watoto kule Msambweni. Msimu wa mvua wadi ilijaa watoto wenye vifua vinavyolia kama filimbi. Aliwatibu, wakaenda nyumbani, wakarudi. Aliwatibu tena, wakarudi tena. Kilichomsumbua zaidi ya ugonjwa wenyewe ni kule kurudi. Akaomba ruhusa ya kwenda Nairobi kusomea masikio, pua na koo, akarejea na cheti pamoja na sweta zito ambalo, kwa kadiri tunavyojua, halijavaliwa tena tangu avuke feri ya Likoni. Mwaka wa 2003 akaja Mvuleni. Akapewa chumba namba tatu, meza, viti viwili, taa ya kufunga kichwani, na benchi refu la mbao nje ya mlango.

Wengi wetu tumefunzwa kuanza na swali. Bi Kache alianza na pua. Mgonjwa alipoingia, salamu zilikuwa kamili: shikamoo kwa mkubwa, hujambo kwa mdogo, habari za nyumbani, habari za watoto, na ng'ombe kwa wenye ng'ombe. Salamu zikiendelea, yeye alikuwa ameshainama mbele kidogo, kama mtu anayetafuta kalamu mezani, ananusa. Moshi wa makumbi ya nazi ulimwambia kwamba nyumba hiyo hufukuza mbu kwa kuchoma makumbi chumbani, mtoto akiwa kitandani. Klorini kwenye nywele ilimwambia kwamba kijana huyu anasafisha bwawa la kuogelea la hoteli. Dawa alizotoa zilikuwa zile zile tutoazo sote. Tofauti ni kwamba mgonjwa wake aliondoka akijua pia kitu gani cha kuzima, kuhamisha au kufunika.

Kuna bibi harusi mmoja aliyeletwa na mashangazi zake akikohoa hadi machozi yakadondokea hina ya mikononi. Walikuwa wamemfukiza udi chini ya leso tangu asubuhi, na kifua chake kilikuwa na pumu ya utotoni ambayo hakuna aliyeikumbuka. Mashangazi walikuja wamejiandaa kwa vita. "Daktari, udi ni desturi yetu, hatuachi," mmoja akasema kabla ya kuulizwa. Bi Kache akampa bibi harusi dawa ya kuvuta, akangoja kifua kitulie, ndipo akajibu: "Desturi sijaigusa, shangazi. Fukizeni nguo, msimfukize mwenye nguo. Bwana harusi atapenda udi, lakini atapenda zaidi mke anayepumua." Wakacheka wote, na harusi ikaendelea jioni ile ile.

Kwa wale waliosubiri nje alikuwa na somo lake. Alitandaza leso juu ya mikono ya wagonjwa waliokaa benchini, wageni kwa wenyeji, akaweka punje ya kunde upande mmoja. Kila mtu aliinua vidole na kuvishusha akimfuata jirani yake, na ile kunde ikasafiri polepole, mkono hadi mkono, mpaka ikaanguka ndani ya bakuli karibu na mlango. Ndivyo njia ya hewa inavyojisafisha, aliwaambia. Ndani ya pua, koo na mirija ya mapafu kuna utando laini. Juu ya utando kuna ute. Chini ya ute kuna nywele ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinapunga mchana na usiku, zikisukuma vumbi na vijidudu kuvitoa nje. Kisha akawaambia watu wawili wa katikati watulize vidole. "Nyinyi mmevuta moshi." Kunde ikakwama pale pale. "Haya, sasa kohoeni." Benchi zima likaitikisa leso kwa kikohozi na kicheko, kunde ikaruka hadi sakafuni. "Mmeona? Kikohozi ni nguvu za ziada za benchi lililochoka. Msikinyamazishe kabla hamjajua ni nani aliyeacha kupunga."

Somo hilo limefanywa mara nyingi sana hivi kwamba leso ile sasa ina tundu, na kunde huteleza kupitia hapo kila inapofika kwa mgonjwa wa tatu. Amekataa kuibadilisha. Anasema hata utando wa mtu mzima una mahali palipochakaa.

Mwezi wa Agosti 2021, wimbi la korona lililopita pwani yetu lilimlaza Bi Kache kwa majuma kadhaa. Alirudi amekonda. Kwenye mkutano wa asubuhi alisimama akatangaza, kwa sauti ile ile anayotangazia kwamba glavu zimekwisha: "Mimi nimerudi kazini. Pua imebaki likizo." Watu wakacheka, naye akacheka, na tukadhani jambo limepita.

Halikupita. Chai ikawa maji ya moto. Wali uliungua jikoni kwake Tiwi hadi majirani wakaja kugonga, naye amekaa sebuleni anasoma. Wagonjwa waliingia chumba namba tatu na kutoka kama watu waliochorwa kwenye karatasi, hawana harufu ya moshi wala ya bahari wala ya sabuni. Aliwaeleza wenzake kilichotokea bila kujionea huruma. Juu kabisa ndani ya pua pana kipande kidogo cha utando chenye neva za kunusa, na kando ya neva hizo kuna seli zinazozilea. Virusi vile viliwaua walezi, neva zikabaki bila wa kuzitunza. Ni kama paa la makuti, alisema: kuti likioza huezekwa jingine mahali pake, na utando huu hujiezeka wenyewe, kuti kwa kuti. Ila fundi wake hana haraka, wala hasemi atamaliza lini.

Mimi niliripoti Mvuleni kama mwanafunzi wa kazi Januari 2022, nikapewa kiti pembeni mwa meza yake. Mwezi uliofuata akaja Austine.

Austine Ouma ni mpishi wa samaki katika hoteli moja ya Diani, mzaliwa wa Siaya. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kusimama mlango wa nyuma wa jikoni na kupokea samaki. Hufunua shavu la jodari, hunusa, hukubali au hukataa. Mafua yalikuwa yamemziba pua mwaka mmoja kabla ya hapo, naye akanunua dawa ya matone kwenye duka la dawa. Tone moja, pua ikafunguka. Baada ya wiki mbili alihitaji mawili. Alipofika kwetu alikuwa akijitilia matone kila saa, kichupa kimemkaa mfukoni kama simu, na harufu hakusikia yoyote. Mkuu wake wa jikoni alikuwa amemwambia waziwazi: Pasaka ikifika bado hanusi, mlango ule utasimamiwa na mtu mwingine, na yeye hataongezewa mkataba.

Siku hiyo nilikuwa maabara. Yaliyofuata nimeyasikia kwa Bi Kache na kwa Austine, na wanakubaliana kwa kila neno, jambo ambalo si la kawaida kwa daktari na mgonjwa.

"Mama Daktari, hii dawa ndiyo inanifanya nipumue," Austine alisema, kichupa mkononi.

"Hii dawa ndiyo inayokuziba, baba. Inaiminya mishipa ya damu ya ndani ya pua, utando unanywea, unapumua. Nguvu yake ikiisha, mishipa inajaa kwa hasira kuliko mwanzo. Nawe unaongeza tone. Hapo hutibu mafua tena, unatibu tone la jana."

"Kwa hivyo niache?"

"Uache."

"Zote? Leo? Si nitakufa usiku, mathe!"

"Hutakufa. Tutaacha tundu moja kwanza. La kushoto liendelee na dawa yake, la kulia tuliachishe ziwa. Likishafunguka lenyewe, tutaliachisha na la pili."

Wakati huo huo Roselyne, mhudumu wetu wa usafi, alikuwa kwenye choo kilicho jirani na chumba hicho akipambana na doa lililomshinda. Alikuwa amemwaga klorini, doa halikutoka. Akaongeza juu yake dawa ya choo yenye asidi, kwa imani kwamba dawa mbili ni bora kuliko moja. Leo sote tunajua kwamba vitu hivyo viwili havichanganywi kamwe, na bango liko ukutani kwa wino mwekundu. Hewa inayotoka humo huunguza utando wa pua, koo na mapafu kama maji yanayochemka yanavyounguza mkono. Benchi refu lilikimbia lote, bibi mmoja mwenye mkongojo akitangulia. Harufu ile ilisikika mpaka getini.

Katika jengo zima, watu wawili tu hawakusikia kitu: tabibu wa pua asiye na pua, na mgonjwa wake.

Waliendelea kuzungumza, mlango umefungwa. Austine alikuwa amefika kwenye habari za Pasaka macho yalipoanza kumtiririka. Bi Kache akaona ni uchungu wa kazi, akamsogezea kitambaa. "Usilie, baba. Kazi hutaipoteza." Austine akainua uso, akaona daktari naye machozi yanamtoka. Iligusa moyo wake. Hakuwahi kumwona daktari akimlilia mgonjwa. "Mama, hata wewe usilie," akamwambia. "Mungu yuko." Wakakohoa kwa adabu, kila mmoja akigeukia upande wake. Wakaliliana hivyo mpaka mlango ulipopigwa teke na Roselyne akaingia, kitambaa kimemfunika uso wote isipokuwa macho.

"Yesu wangu! Tokeni! Mnaombolezana nini humu na watu wote wamekimbia?"

Hakuna aliyeumia sana. Sauti za wote wawili ziliwakauka kwa wiki nzima, na koo zao zilikuwa nyekundu kama pilipili nilipozimulika. Austine aliigeuza kuwa hadithi ya jikoni, na nimeambiwa kuna wafanyakazi wa hoteli wanaoweza kuiigiza. Bi Kache hakucheka. Kesho yake alikwenda kwa Bw. Feisal, mkuu wa kituo, akamwomba amruhusu astaafu kabla ya wakati wake.

Alizungumza kwa mnong'ono kwa kuwa sauti haikuwepo. Alisema mlinzi asiyeona hawekwi langoni. "Chumba changu kimejaa hewa ya sumu, nami nimekaa ninamfuta mgonjwa machozi. Jana alikuwa mtu mzima. Siku nyingine atakuwa mtoto wa miezi sita." Bw. Feisal akamkumbusha ukweli mwingine: bila Bi Kache, chumba namba tatu kingefungwa. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi wa kazi, na tabibu mwingine wa pua na koo alikuwa ng'ambo ya feri, safari ya kutwa kwa mtu wa Jego au Majoreni, na mtu mwenye kifua kibovu huahirisha safari ya kutwa hadi asiweze kuifanya tena. Bi Kache aliyajua hayo kuliko yeyote. Akasema angemaliza mwezi.

Alhamisi iliyofuata Austine akarudi. Tundu la kulia lilikuwa limeanza kufunguka, naye alikuwa anapumua kwa upande mmoja, kichwa kimeinama kama redio inayotafuta stesheni. Alikwisha sikia kwenye benchi kwamba daktari anaondoka. Hakukaa.

"Mama, tundu moja umelifungua. La pili unaniachia nani?"

Bi Kache akacheka kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika. "Kaa chini," akanong'ona. "Tufungue hilo la pili, halafu nakwenda."

Tundu la kushoto lilichukua muda mrefu zaidi. Katika kungoja, Bi Kache alileta chupa nne ndogo zenye vifuniko: karafuu, ndimu, asumini, na kipande cha ng'onda, yaani papa aliyekaushwa kwa chumvi, ambacho Austine mwenyewe alikipendekeza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kazi yake. Neva za kunusa hufundishika kama mtoto, kwa kurudiarudia. Wakakaa wawili hao meza moja, kila mmoja akivuta pumzi juu ya kila chupa na kujaribu kukumbuka harufu ilivyokuwa. Ikawa mashindano. Austine alisikia karafuu kwanza, kisha ndimu. Wiki moja kabla ya Pasaka alifungua chupa ya nne, akaruka kutoka kitini, akatoka nje mbio. "Inanuka!" akapiga kelele kwenye ukumbi, mikono juu, kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. "Jamani, hii kitu inanuka vibaya!" Mlango wa nyuma wa hoteli ile bado anausimamia yeye hadi leo.

Aliporudi ndani alimuuliza taratibu, "Na wewe je, Mama?" Bi Kache alikuwa ameinamia ile chupa muda wote. "Najua ni ng'onda," akajibu, "kwa sababu umekimbia."

Basi tundu la pili lilikuwa limefunguka, na ahadi ya kwenda ilikuwa imefika. Lakini kwenye benchi alikuwa amekaa Mzee Ngala.

Mzee Ngala wa Tiwi hukata mawe kwenye timbo. Alikuwa amekohoa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote Bi Kache alimshauri mkewe apunguze udi, maana kila alipokuja alinukia udi kutoka kanzu hadi kofia. Kikohozi hakikupungua. Sasa pua haikuwepo, ikabidi aulize. "Mzee, siku isiyo ya kliniki, unanukaje?" Mzee Ngala akamtazama mkewe. Mke akajibu bila kupepesa macho:

"Siku isiyo ya kliniki? Ananuka jiwe na jasho. Siku ya kuja kwako ndiyo namsugua, namfukiza, namvisha ya kutokea. Ulitaka nikuletee mume ananuka, na hiyo pua yako inajulikana Kwale nzima?"

Bi Kache aliweka kalamu chini. Akaanza kucheka, safari hii kwa sauti, na hakuweza kunyamaza mpaka watu wa nje wakachungulia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya klorini. Watu walikuwa wakioga kwa ajili ya pua yake. Walikuwa wakijipaka mafuta, wakivaa nguo zilizolala na asumini, wakiacha vumbi la mawe, moshi wa kuni na dawa za mabwawa nyumbani, kwa heshima. "Pua yangu ilisifiwa na watu walioidanganya kwa adabu," aliniambia baadaye. Mzee Ngala alianza kulowesha jiwe kabla ya kulikata na kujifunga kitambaa puani. Mwezi uliofuata mkewe alikuja peke yake kutuambia kwamba sasa analala, yeye mwenyewe, kwa kuwa mume hakohoi usiku.

Tangu hapo kliniki yetu huanza kwa kuuliza, na kila swali tunalouliza leo lilianzia kwenye chumba kile mwaka ule. Panapikwa wapi? Dirisha hufunguliwa saa ngapi? Jirani anachoma nini? Dawa gani umenunua mwenyewe kabla ya kuja, nami sitakugombeza? Anayekuja na mgonjwa huulizwa pia, kwa sababu anayelala kitanda kimoja na mtu anajua mengi. Kila alipomaliza mgonjwa mmoja mgumu, Bi Kache alisema, "Huyu, halafu nakwenda." Bw. Feisal alipokutana naye ukumbini alimuuliza, "Bado hujakwenda, Bi Kache?" naye akajibu, "Namalizia huyu." Mwaka mzima ukapita hivyo, na hatukujua kama ni utani au kama angeamka siku moja akaenda kweli. Jioni, chumba kikishakuwa kitupu, alizifungua zile chupa nne moja moja. Sikumuuliza. Uso wake ulinijibu.

Na Roselyne? Tangu siku ile hakupita mlango wa chumba namba tatu na ndoo yake bila kutangaza kwa sauti ya mhubiri: "Klorini peke yake, Bi Kache!" Naye kutoka ndani hujibu, "Ahsante mama, pita." Wagonjwa wageni walidhani ni aina ya dua. Hakuiruka hata siku moja, hata siku ambazo Bi Kache hakuwepo kazini.

Isipokuwa Jumanne moja ya Machi 2023. Roselyne alikuwa anaongea kwa simu na dada yake wa Kakamega, simu imebanwa begani, ndoo mkononi, na habari za huko zilikuwa tamu. Akapita mlango wetu kimya. Bi Kache alikuwa amewasha taa ya kichwani akitazama koo la mtoto. Akasita. Akainua kichwa, na ule mwanga ukapanda ukutani pamoja naye. Nilidhani mtoto amemng'ata.

"Roselyne!"

"Abee! Pole, Bi Kache, nimesahau kutangaza! Ni klorini peke yake, haki!"

"Najua ni klorini," Bi Kache akasema. "Umeizidisha."

Tulisikia ndoo ikiwekwa sakafuni. Dada wa Kakamega aliendelea kuzungumza peke yake kwenye simu. Roselyne akasimama mlangoni, mkono mdomoni. Bi Kache akavua taa, akatoka, akaiendea ile ndoo kama mtu anayeendea asumini. Alitaka kuiinamia. Nikamshika bega nikamwambia asiiname, na hiyo ndiyo amri pekee niliyowahi kumpa mkubwa wangu. Akasimama wima. Akavuta pumzi moja kwa mbali, ya kawaida tu. Kisha akarudi ndani akamalizia koo la mtoto, kwa kuwa mama yake alikuwa ametoka mbali.

Tangu siku hiyo hakusema tena "halafu nakwenda."

Lazima niandike ukweli: paa halijaezekwa lote. Asumini bado haijarudi, na kahawa humnukia mpira ulioungua. Lakini moshi umerudi, samaki wamerudi, na mvua ya kwanza juu ya vumbi imerudi. Anaondoka sasa kwa sababu ya umri, kama sheria inavyotaka, si kwa sababu ya pua. Nyuma yake chumba namba tatu kina matabibu wawili, na benchi refu lina leso ile ile yenye tundu. Roselyne ameapa kuendelea kutangaza, awepo wa kumjibu au asiwepo.

Kuhusu marashi basi. Bi Kache ameomba siku ya Ijumaa apite kwa kila mmoja wetu amsalimie, na safari hii hataki adabu. Njooni na moshi wenu, vumbi lenu, samaki wenu na ndoo zenu. Anataka kutusikia kama tulivyo. Austine ameahidi kuja moja kwa moja kutoka mlango wa nyuma, bila kuoga.

Bi Kache, shikamoo. Tunakushukuru kwa kila kifua ulichokisikiliza, na kwa kubaki siku zile ulipokuwa na sababu nzuri ya kuondoka. Wa mwisho umekwisha kummaliza. Nenda sasa, kwa heri na baraka, upumue kwa nafasi. Na asubuhi moja huko Tiwi, Mungu akupe asumini.

Dama Charo
Chumba namba tatu, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mvuleni